Kifaranga katoboa yai halafu katulia: matatizo ya kutotolesha mayai ya kuku, sababu zake, na lini umsaidie

Swali linalorudiwa kuliko yote kwenye kutotolesha huwa linakuja usiku, na anayeuliza tayari kashika yai mkononi: kifaranga katoboa kitundu tangu asubuhi, analia, hatoki, je nimtoe? Jibu langu karibu kila mara ni hapana, rudisha yai kwenye mashine ya kutotoleshea, funga mfuniko, nenda kalale. Nasema hivyo kwa uchungu sababu nilishamtoa mmoja mapema, kitundu kilikuwa na masaa kama matano tu, nikabandua ganda, damu ikaanza kutoka, na badala ya kuacha nikaendelea nikiamini nikimaliza haraka atapona, akanifia mkononi. Hakuwa na tatizo lolote yule, alikuwa anapumzika.

Ila wapo pia wanaokufa kweli ndani ya yai huku mtu anangoja, kwa hiyo kusema "usiguse kabisa" nako sio sawa. Cha msingi ni kujua unachokiona ni dalili ya nini. Na kuna jambo watu hawapendi kulisikia: shida nyingi zinazoonekana siku ya 21 zilianza wiki ya kwanza au ya pili, zingine zilianza kabla yai halijaingia kwenye mashine.

Kwanza jua kawaida ikoje

Yai la kuku linachukua siku 21. Mashine yenye feni iseti nyuzi 37.5, isiyo na feni 38.3 mpaka 38.8, na thamomita iwe usawa wa juu ya mayai, isilale chini ya trei wala isining'inie kwenye mfuniko, maana bila feni hewa ya juu ni ya moto na ya chini imepoa. Unyevu asilimia 45 mpaka 55 hadi siku ya 18, baada ya hapo 65 mpaka 70. Kugeuza angalau mara 3 kwa siku, mara 5 ni bora zaidi, na siku ya 18 unaacha kugeuza na unaacha kufunguafungua.

Kuanzia siku ya 19 au 20 kifaranga anatoboa utando wa ndani anaingiza mdomo kwenye chumba cha hewa, ule uwazi wa upande mnene wa yai, hapo ndo anaanza kupumua kwa mapafu na unaweza kumsikia analia wakati ganda bado zima. Baadae anatoboa ganda lenyewe. Halafu anatulia. Kutulia huku kunachukua masaa 12 mpaka 24 na ndo kunaweka watu roho juu, ila ndani kuna kazi inaendelea: damu iliyoko kwenye mishipa iliyotanda chini ya ganda inarudi mwilini kwake, na kiini kilichobaki kinavutwa tumboni kupitia kitovu. Akimaliza ndo anaanza kukata ganda kwa kuzunguka, anasukuma kile kipande cha juu kama kofia, anatoka. Kukata kwenyewe mara nyingi ni saa moja au mawili matatu hivi.

Kwa hiyo ukimtoa katikati ya kutulia unakata mishipa ambayo bado ina damu, na kiini kinabaki nje ya tumbo. Shika hilo kichwani, mengi ya huko mbele yanarudi hapo hapo.

Umemulika yai kwa tochi siku ya 7, ndani jeupe halina kitu

Sababu ya kwanza kabisa ni yai halina mbegu. Cheki jogoo: jogoo mmoja anatosha mitetea 8 mpaka 10, wakizidi wengine hawafikiwi, na jogoo mzee, mgonjwa au mnene kupita kiasi anaweza kuwa anapanda lakini mayai hayana kitu. Unakuta pia kuna majogoo wengi wanagombana siku nzima, hakuna anayepanda vizuri.

Ya pili ni mayai yamekaa sana. Ndani ya siku 7 tangu kutagwa ni salama, baada ya hapo uwezo wa kutotoa unashuka kila siku, na yakipita wiki mbili usiyahesabie sana. Yahifadhi sehemu ya ubaridi wa wastani, nyuzi kama 13 mpaka 18, ncha (ule upande mwembamba) ikiangalia chini. Usiyaweke juani, juu ya kabati karibu na jiko, au sehemu ambayo mchana ni joto usiku ni baridi.

Ya tatu, tochi yako ni dhaifu au ganda ni la kahawia iliyokolea. Kabla hujatupa, mulika tena siku ya 10 kwenye giza kabisa, tochi igusane na upande mnene wa yai. Yai zuri linaonyesha doa jeusi lenye mishipa kama miguu ya buibui. Ukiona duara jekundu la damu na katikati hakuna kitu, hilo lilikuwa na mbegu ila mimba ilikufa mapema, na hapo kosa usilimwagie jogoo, angalia joto la siku za mwanzo au umri wa mayai. Mayai yaliyosafirishwa na kutikiswa sana nayo yanaangukia humu, yaache yatulie masaa 12 mpaka 24 ncha chini kabla ya kuyaweka.

Yalikuwa hai, halafu wamekufa katikati

Hawa ni wale uliowaona siku ya 7 wanachezacheza na siku ya 14 kimya. Anza na umeme. Kukatika masaa mawili matatu mara nyingi hakuui, mayai yanavumilia kupoa kuliko watu wanavyodhani, kinachotakiwa ni usifungue mashine, ifunike na blanketi bila kuziba matundu ya hewa moja kwa moja, na ukatikaji ukirefuka weka chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa. Joto kuzidi ndo hatari kubwa. Mashine iliyopigwa na jua la dirishani ikafika nyuzi 40 na kitu inaua haraka kuliko usiku mzima wa umeme kusumbua, ndo maana mashine haikai dirishani kabisa.

Baada ya hapo ni kutogeuza, kifaranga anagandia kwenye utando. Halafu chakula cha kuku wazazi: kuku anayeokoteza tu bila mboga za majani, protini wala vitamini anataga yai zuri kwa macho ila ndani limepungukiwa, na upungufu huo mara nyingi unajitokeza wiki ya pili. Ukiona vifo vya katikati vinajirudia kila awamu na joto umelihakikisha, nenda kwenye chakula cha mitetea.

Yai linalonuka, linalotoa jasho la kahawia au povu kwenye ganda ni viza, litoe leo hii, taratibu, kwenye mfuko, ulipeleke nje. Likipasuka ndani ya mashine linamwagia wenzake vijidudu na awamu yote inaharibika. Viza wanatokana na mayai machafu na mara nyingi na mayai yaliyooshwa kwa maji baridi, sababu yai likipoa ghafla linavuta maji na uchafu kupitia vinyweleo vya ganda. Yai lenye kinyesi kingi usiliweke. Lenye doa dogo lifute kwa kitambaa kikavu, basi.

Siku ya 21 imefika na hakuna hata yai moja lililotobolewa

Hesabu upya kwanza, naomba. Siku uliyoweka mayai ni siku ya 0, siku ya 1 inatimia masaa 24 baadae. Mayai ya Jumatatu asubuhi yanatarajiwa Jumatatu, wiki ya tatu baadae. Watu wengi wanaopaniki wamezidisha siku moja.

Hesabu ikiwa sawa, sababu ya kawaida ni joto lilikuwa chini kidogo muda wote. Nusu nyuzi tu chini kwa wiki tatu inachelewesha kutotoa siku nzima au zaidi. Na hapa nitasema kitu ambacho kingeokoa mayai mengi sana: usiamini namba inayoandikwa kwenye mashine. Kipima joto kilichokuja na mashine kinaweza kusoma vibaya kwa nyuzi moja au mbili na wewe hujui. Chukua thamomita ya kupima homa ya binadamu, izamishe ncha yake pamoja na ya mashine kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu ya nyuzi kama 38, linganisha, andika tofauti. Kama ile ya mashine haitoki, weka ya homa ndani ya mashine. Cha kupimia unyevu nacho kina kipimo chake: weka chumvi kwenye kifuniko cha chupa, idondoshee maji kidogo iwe kama mchanga mbichi isiyeyuke, fungia pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, masaa 8 mpaka 12, kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 68 basi jua kinadanganya kwa 7.

Wakati huo huo usizime mashine. Ngoja mpaka siku ya 23. Unaweza kumulika: ukiona kivuli cha mdomo kinaruka ruka kwenye chumba cha hewa, yuko njiani. Kuna watu wanatumbukiza yai kwenye maji ya vuguvugu waone kama linatikisika, mimi siipendi njia hiyo, yai likiwa na ufa mdogo usiouona kifaranga anazama humo ndani.

Kinyume chake ni wanaotoka siku ya 19 au mapema ya 20, wadogo wadogo, vitovu havijafunga vizuri. Hiyo ni joto kuzidi. Punguza nusu nyuzi awamu ijayo baada ya kupima kama nilivyosema, usipunguze kwa kukisia.

Kifaranga mzima, manyoya yote, kafia ndani bila kutoboa

Hii inauma kuliko zote. Usitupe mayai haya bila kuyapasua, ni uchunguzi wa bure na ndo njia ya kujua kosa lilikuwa wapi. Vaa glavu, pasua upande mnene.

Ukikuta kifaranga kavimba, kalowa, kuna ute na maji yanayonata, chumba cha hewa kidogo: unyevu ulizidi siku 1 mpaka 18. Yai linatakiwa kupoteza maji, linapungua uzito asilimia kama 11 mpaka 13 hadi siku ya 18, yaani yai la gramu 60 linafika gramu 52 au 53. Lisipopungua, chumba cha hewa kinakuwa kidogo na kifaranga akitoboa utando anakutana na maji badala ya hewa. Wanaozidisha maji kwenye mashine ni wengi kuliko wanaopunguza, wanaona wakiongeza ndo wanasaidia.

Ukikuta mdogo, mkavu, utando umembana kama karatasi: unyevu ulikuwa chini, au ulifungua mashine siku za mwisho.

Ukikuta kichwa kiko upande wa ncha, au kichwa katikati ya miguu: kakaa vibaya. Mmoja kwenye mayai mengi ni kawaida, wakiwa wengi cheki kama mayai yaliwekwa ncha juu na kama ulikuwa unayageuza kweli.

Ukikuta kila kitu sawa, kichwa mahali pake, kiini kimeingia, ila kafa tu: angalia matundu ya hewa. Siku za mwisho kifaranga anahitaji hewa nyingi, na kuna watu wanaziba matundu yote ili kutunza unyevu, hapo wanamnyima pumzi. Matundu yawe wazi, unyevu uongeze kwa kutanua eneo la maji, sponji au trei pana, maana kina cha maji hakisaidii kitu.

Katoboa ganda halafu katulia

Sasa hapa. Chukua kalamu, andika saa ile ile ulipoona kitundu. Bila saa utakuwa unakisia, na usiku wa manane masaa sita yanaonekana kama siku mbili.

Sababu kwa mpangilio wa jinsi zinavyotokea: ya kwanza, hakuna tatizo, anapumzika. Ya pili, utando umekauka ukambana sababu mfuniko ulifunguliwa, na kila ukifungua unyevu unashuka ndani ya sekunde chache halafu unachukua muda kurudi, kwa hiyo acha hata wale waliotoka wabaki humo wakauke, wana kiini tumboni kinachowatosha siku mbili mpaka tatu bila chakula wala maji. Ya tatu, kakaa vibaya hawezi kuzunguka. Ya nne, dhaifu tangu mwanzo.

Angalia kwa tochi kupitia kioo cha mashine bila kufungua. Mdomo unatikisika? Analia ukimwita? Utando kwenye kitundu ni mweupe na unang'aa kwa unyevu? Basi subiri. Utando umekuwa wa njano au kahawia, mkavu kama karatasi ya kufungia, umebana manyoya, huyo ni wa kumfikiria.

Mimi nasaidia yakitimia haya: masaa 24 yamepita tangu kitundu cha ganda na hakuna maendeleo yoyote, au alishaanza kukata akizunguka halafu kasimama masaa zaidi ya matano sita na utando unaonekana umekauka, au wenzake wote wameshatoka tangu jana na yeye sauti inapungua. Kama kitundu kina masaa 15 na analia kwa nguvu, simgusi hata mtu aseme nini.

Jinsi ya kufanya, polepole, na kazi yenyewe inaweza kuchukua siku nzima kwa vipande vipande:

1. Nawa mikono kwa sabuni. Andaa maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, pamba za vijiti, kibano kidogo safi, tochi, tishu. Funga milango na dirisha, chumba kiwe na joto. Toa yai hilo moja tu, funga mashine haraka.

2. Panua kitundu kidogo, ukibandua ganda tu vipande vidogo kama kucha ya kidole kidogo, ukielekea upande mnene, utando uuache. Lengo la kwanza ni apate hewa.

3. Lowanisha utando kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, mbali na matundu ya pua. Utando ukilowa unakuwa kama kioo na hapo ndo unaona ukweli. Mishipa myekundu iliyojaa, simama. Funika sehemu uliyofungua kwa tishu yenye unyevu, mdomo uachwe wazi, rudisha kwenye mashine, angalia tena baada ya masaa 4 mpaka 6. Hakuna mishipa, au imebaki michirizi myembamba isiyo na damu, endelea.

4. Bandua ganda la upande mnene mpaka usawa wa mstari wa chumba cha hewa, sogeza utando uliokauka taratibu kutoka kwenye uso na manyoya ukilowanisha. Kichwa kikiwa kimebanwa chini ya bawa kitoe.

5. Acha hapo. Nusu ya chini ya ganda ibaki kama kikombe, mrudishe kwenye mashine, ajisukume mwenyewe kwa miguu. Hii hatua watu wanairuka kwa huruma na ndo inayoua, sababu kitovu na kiini viko huko chini na huwezi kuviona. Usimvute kamwe.

Dalili za kuacha papo hapo: tone lolote la damu, kiini cha njano kinaonekana, au kifaranga anafungua na kufunga mdomo kama anatafuna au anapiga miayo. Huko kutafuna maana yake bado anavuta kiini. Damu ikitoka bonyeza taratibu kwa pamba safi kama dakika moja bila kusugua, ikikata rudisha kwenye mashine, usirudie tena mpaka yapite masaa kadhaa.

Akitoboa upande wa ncha usiogope moja kwa moja, wengine wanatoka wenyewe. Saa ni zile zile, ila huko mishipa inachelewa kukauka na chumba cha hewa kiko mbali, kwa hiyo ukisaidia panua tu tundu la kupumulia na subiri zaidi.

Na yule anayelia ndani masaa 24 bila kutoboa ganda? Mulika, chora kwa penseli mpaka wa chumba cha hewa, toboa kitundu kimoja cha ukubwa wa kichwa cha pini juu kabisa ya upande mnene, kwa sindano iliyochomwa moto ikapoa, ukizungusha bila kusukuma. Basi. Anapata hewa, halafu saa inaanza kuhesabiwa upya.

Nisikufiche, wapo unaowasaidia vizuri kabisa na bado wanakufa kesho yake. Aliyeshindwa kutoka mara nyingi alikuwa na shida nyingine ambayo ganda halihusiki.

Katoka ila hayuko sawa

Miguu imepanuka huku na huku hawezi kusimama: sababu kubwa ni sakafu inayoteleza, gazeti au plastiki tupu. Weka kitambaa chenye vinyweleo au mpira wenye matundu tangu siku ya 18. Tiba ni kufunga miguu yote miwili kwa kipande cha plasta kama pingu, nafasi ya kawaida kati ya miguu, usikaze, siku 2 mpaka 4, ukibadilisha na kucheki kila siku kama mguu haujavimba. Ianze siku hiyo hiyo, mifupa inakaza haraka.

Kitovu kimetokeza, kiini kiko nje kidogo: usivute, usikate, usisukume ndani. Pakaa iodini kidogo, mweke peke yake kwenye tishu safi yenye unyevu ndani ya mashine, wenzake wasimdonoe. Ganda au kamba kavu iliyogandia matakoni nayo iache, inadondoka yenyewe. Manyoya yenye gundi yafute kwa pamba ya vuguvugu akishapata nguvu, hakuna haraka.

Wakihamia kwenye bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga yenye taa ya joto, wiki ya kwanza nyuzi 32 mpaka 35, shusha kama nyuzi 3 kila wiki. Wakijikusanya chini ya taa wanasikia baridi, wakikimbilia pembeni wakihema midomo wazi ni joto.

Chini ya kuku

Mayai yakilaliwa na kuku mwenyewe badala ya mashine, mambo ni machache. Kuku kuacha mayai: mara nyingi ni chawa na utitiri wanamtesa, mwinue usiku umulike kiota na chini ya mabawa. Kuondoka dakika 15 mpaka 20 kwa siku kula na kujisaidia ni kawaida. Mayai kutotoka pamoja: wenzake wanaendelea kumtagia, kwa hiyo yaweke alama ya penseli na uondoe mapya kila siku. Kuku wa kienyeji wa wastani 10 mpaka 12 yanamtosha, yakizidi yanapokezana kupoa. Na akinyanyuka na wa kwanza huku mayai mengine yametobolewa, hamishia hayo kwenye mashine au sehemu yenye joto na unyevu, usimlazimishe kurudi.

Hapa acha, ita mtaalamu

Daktari wa mifugo: vifaranga wanakufa wengi siku ya 1 mpaka ya 7 na vitovu vimevimba, vinanuka au vimekuwa bluu, wanapinda shingo, wanatetemeka au kukosa pumzi, kuku wazazi nao wanaumwa au utagaji umeshuka ghafla, au awamu mbili mfululizo zimefeli na joto, unyevu na kugeuza umevihakikisha. Mpelekee vifaranga waliokufa siku hiyo hiyo wakiwa kwenye ubaridi, na daftari lako la joto. Usiwape antibiotiki za kukisia kwenye maji, ugonjwa wa kitovu unatokana na usafi wa mayai na mashine, na dawa isiyohusika inamchelewesha daktari kuona tatizo.

Fundi umeme: mashine inakupiga shoti hata kidogo, waya umelainika au unanuka kuungua, au joto linapanda lenyewe halikati. Hiyo ya mwisho usiijaribu kwa kugongagonga, hamisha mayai kwanza. Maji na umeme viko kwenye boksi moja, chomoa kabla ya kuongeza maji kwa mkono.

Nawa mikono kila ukigusa mayai, maganda au vifaranga, na watoto wasiwabusu, kifaranga mzima kabisa anaweza kuwa na salmonela. Awamu ikiisha mashine isafishwe siku hiyo hiyo kabla uchafu haujakauka: toa vumbi la manyoya kwenye feni, osha trei kwa sabuni, halafu dawa ya kuua vijidudu, ikauke kabisa, ndo uiwashe tupu masaa 24 ukiangalia thamomita kabla ya kuweka mayai mengine.